Habib Swaleh wa Lamu: ridhaa isiyokuwa uvivu

Mtu wa Pwani akihamia bara na kupata makao Eldoret, hachelewi kuulizwa suali moja na wenyeji wake. Humwuliza, mara kwa mzaha na mara kwa kweli, iweje watu wa Pwani kila jambo wakalipeleka kwenye kudura ya Mungu. Akifiwa ni kudura, akinyang'anywa shamba ni kudura, akikosa kazi pia ni kudura. Nao wenyeji hao wanayo haki ya kuuliza, kwani nchi waliyoketi ina historia ya namna nyingine.

Vilima vya Nandi haviko mbali na Eldoret. Huko ndiko alikouawa Koitalel arap Samoei, orkoiyot wa Wanandi, tarehe 19 Oktoba 1905, baada ya watu wake kupambana na Waingereza kwa muda wa miaka kumi. Aliendea mkutano wa kutafuta amani, na hapo hapo Kapteni Richard Meinertzhagen akamwua. Wanandi wakaondolewa katika sehemu kubwa ya ardhi yao, na ilipofika 1908 Makaburu kutoka Afrika Kusini wakaingia na magari yao ya ng'ombe katika nyanda za Uasin Gishu. Mji wenyewe ulizaliwa juu ya shamba lililoandikwa nambari 64. Posta ikafunguliwa 1910, na jina la Eldoret likaja 1912. Nambari ile ilibaki midomoni mwa watu, wakaitamka Sisibo.

Kijana wa Kiislamu anayekulia mji kama huo husomeshwa darasani habari za Koitalel, kisha jioni chuoni husikia maalimu akimhimiza kuridhika na alilokadiriwa. Akiachwa bila maelezo, atadhani ridhaa ni jina zuri la woga. Mmoja atachukia dini kwa sababu hiyo, na mwingine ataifanya dini mto wa kulalia. Wote wawili watakuwa wamepotea njia.

Basi ndugu msomaji, tutoke Uasin Gishu tushuke hadi kisiwani Lamu, tumwangalie mtu aliyeishi zama zile zile za Koitalel, ambaye jina lake hutajwa Pwani nzima kila inapotajwa ridhaa. Mtu huyo ni Sharifu Swaleh bin Alawi Jamalilail, tunayemjua zaidi kwa jina la Habib Swaleh.

MGENI KUTOKA NGAZIJA

Habib Swaleh alizaliwa kisiwani Ngazija katikati ya karne ya 19. Ukoo wa Jamalilail ni wa masharifu wenye asili ya Hadhramaut; baadhi yao walikaa Pate, na kutoka huko wengine wakavuka hadi visiwa vya Komoro. Alikuja Lamu akiwa bado kijana, akafikia kwa ami yake, Sayyid Ali bin Abdallah, aliyekuwa mwanachuoni na mganga wa tiba za kitabu.

Mji wa Lamu ulikuwa na walimu wa kutosha. Miongoni mwa waliomsomesha ni Sheikh Abubakar Maawi, na Sayyid Abubakar bin Abdulrahman, ambaye watu wa Lamu walimwita Mwenye Mansabu. Huyu Mwenye Mansabu ndiye aliyeigeuza Maulidi ya Barzanji kwa mashairi ya Kiswahili, na kwa hivyo kijana wa Ngazija hakusoma fikihi na nahau peke yake. Alisoma pia mbele ya mtu aliyeamini kwamba Kiswahili chaweza kubeba maneno ya dini.

Lamu ya wakati huo ilikuwa mji wa daraja. Upande wa kaskazini ni Mkomani, penye majumba ya mawe na zidaka, mastakimu ya wangwana. Upande wa kusini ni Langoni, penye nyumba za udongo na makuti, walikokaa Wahadhrami wageni, Wangazija, Wabajuni, na watu waliotoka katika utumwa. Utajiri wa Mkomani ulitoka katika mashamba ya ng'ambo, yaliyotoa mtama na ufuta kwa mikono ya watumwa. Na elimu nayo ilifuata daraja hizo hizo. Mtumwa alifundishwa kusali na kufunga kadiri ya kumtosha, lakini ilmu ya juu, yaani kufungua vitabu na kukaa darasani pamoja na watoto wa masharifu, hiyo haikuwa fungu lake.

Habib Swaleh alikuwa na njia nyeupe mbele yake. Alikuwa sharifu, na ilmu anayo. Angaliweza kuketi Mkomani akabusiwa mkono mpaka mwisho wa maisha yake. Aliweka makao yake Langoni. Akawafungulia darasa wale wasiofunguliwa, watumwa na waliokuwa watumwa, wavuvi, wachukuzi na wageni. Akawatibu, akala nao.

Wakubwa wa mji hawakupendezwa. Wako waliosema kwamba ilmu inatupwa mahali pasipostahili. Wengine waliona heshima ya masharifu inashushwa na sharifu mwenyewe. Ukilitazama sana jambo hili utaona kwamba hofu yao haikuwa ya dini peke yake. Mtu akishajua kusoma kitabu, husoma pia mahali panaposema kuwa waja ni sawa mbele ya Mola wao.

MFANO WA NAZI

Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu, nasi hatuna budi kusimama kidogo tuangalie Habib Swaleh alikuwa amelelewa kwa mafundisho gani.

Masharifu wa Hadhramaut wanayo tarika yao, Alawiyya. Ndiyo iliyotuletea Ratibu ya Haddad, inayosomwa misikitini mwetu hata leo, kazi ya Imamu Abdallah bin Alawi al-Haddad aliyefariki 1720. Wenyewe husema kuwa nje yake ni ya Ghazali na ndani yake ni ya Shadhili. Maana yake, kwa amali na adabu hufuata kitabu cha Ihya cha Imamu Ghazali, aliyefariki 1111. Na kwa hali ya moyo huelekea mafundisho ya masheikh wa Shadhiliyya.

Ghazali, alipofika mlango wa tauhidi na tawakali, alieleza kwamba kumpwekesha Mungu kuna daraja nne, akapiga mfano wa jozi. Sisi wa Pwani hatuna jozi, tuna nazi, na mfano wafaa vile vile. Nje kuna makumbi: huyo ni mtu anayetamka kuwa Mungu ni mmoja kwa ulimi, na moyo wake haumo. Ndani yake kuna kifuu: huyo ni muumini wa kawaida, asadikiye kwa moyo, na imani yake humhifadhi kama kifuu kinavyohifadhi kilichomo. Ndani zaidi ni nazi yenyewe: huyo ni aliyefunguliwa jicho la moyo, akaona kwamba mambo yote, yawe mengi namna gani, yatoka kwa Mmoja. Na ndani ya nazi mna tui: huyo haoni tena wengi, amezama katika kumshuhudia Mmoja hata nafsi yake ameisahau. Daraja hiyo ya mwisho Ghazali hakupenda ijadiliwe vitabuni, nasi tutaiacha alipoiacha yeye, ila tukumbuke kwamba tui halipatikani bila nazi kukunwa.

Daraja ya tatu ndiyo inayozaa tawakali na ridhaa. Mtu anayeona kuwa ulimwengu una nguvu mbili, yake na ile inayompinga, hushindana mchana kutwa na akalala akishindana. Upepo ukimgeukia hukasirika na upepo. Jirani akipata hukasirika na jirani. Lakini aliyeona kuwa mkono ni mmoja, ugomvi huo wa ndani humtoka wenyewe, pasipo kujilazimisha. Hii ndiyo tofauti ya subira na ridhaa. Mwenye subira amefunga mdomo na moyo wake bado unapiga kelele. Mwenye ridhaa moyo wenyewe umetulia.

Sheikh wa Kishadhili aliyeandika sana juu ya jambo hili ni Ibn Ata'illah wa Iskandaria, mwenye kitabu cha Hikam, aliyefariki Cairo mwaka wa 1309. Ujana wake alikuwa mwanasheria asiyewakubali masufi, mpaka alipokutana na Sheikh Abul-Abbas al-Mursi akawa mwanafunzi wake. Aliandika kitabu kizima kinachofundisha mja aache kujipangia mbele ya Mpangaji. Naye, ndugu msomaji, baada ya kuandika hayo hakukaa pembeni kungojea riziki ishuke. Aliendelea kusomesha Cairo, na kifo kilimkuta angali mwalimu.

Ghazali naye hakuacha nafasi ya uvivu. Alisema kuwa mwenye njaa aliyewekewa chakula mbele yake, kisha akangojea chakula hicho kimwendee kinywani bila kunyosha mkono, hana tawakali bali ana wazimu. Mkono ni katika mpango wa Mungu kama chakula kilivyo katika mpango huo. Na hadithi ya yule bedui aliyeambiwa na Mtume, rehema na amani zimshukie, amfunge ngamia wake kwanza ndipo atawakali, kila aliyepita chuoni aijua.

Wanavyuoni wakaweka na mpaka mwingine, ambao laiti ungelihubiriwa zaidi. Muumini aamrishwa kuridhika na hukumu ya Mola wake. Hakuamrishwa kuridhika na maasi ya mja. Dhuluma ni maasi. Kwa hiyo anayedhulumiwa aweza kutulia moyo wake kwa Mungu, na mikono yake ikawa kazini kuiondoa dhuluma ile. Mfano wake ni nahodha. Kusi ikivuma hagombani na kusi, wala haipigii kelele igeuke kaskazi. Hugeuza tanga na kushika usukani. Nahodha aliyeachia usukani kwa kusema ni kudura, huyo hakutawakali, amewazamisha wenziwe.

KAZI YA RIYADHA

Turudi Langoni. Habib Swaleh hakuanzisha chama cha kuwapinga wangwana, wala hakupanda mimbari kuwatukana. Pia hakuacha darasa hata siku moja kwa kuwa wao wamechukia. Alifanya kama maji yafanyavyo yanapokuta jiwe. Watu wakazidi kumjia, na yapata mwaka wa 1900 ukasimama huko Langoni msikiti wa Riyadha, na kando yake chuo. Jina lilichukuliwa kutoka Seiyun, Hadhramaut, kwenye msikiti wa Riyadh wa Habib Ali bin Muhammad al-Habshi, aliyefariki 1915, sheikh ambaye Habib Swaleh alifungamana naye kiroho. Maana yake ni mabustani.

Kutoka kwa sheikh huyo ilikuja Maulidi ya Habshi, iitwayo Simtud-Durar, nayo ikasomwa Riyadha kwa matari na kwa sauti za watu wote. Hapo mji ukatikisika mara ya pili. Maulidi ya zamani yalisomwa kwa utulivu, na msomaji alikuwa mtu wa daraja. Sasa mchukuzi wa bandarini alishika tari ndani ya baraza tukufu, akamsifu Mtume kwa sauti ile ile anayoimbia kazini. Waliokasirika walisema ngoma imeingizwa msikitini. Waliofurahi walisema kuwa wamepata kwa mara ya kwanza mahali pao katika sifa za Mtume wao.

Tukumbuke pia kwamba zama zilikuwa zinageuka. Mwaka 1890 manowari za Waingereza zilileta jeshi lililoichoma Witu, mkabala wa Lamu, na Sultani Fumo Bakari akakimbia. Miaka ya 1895 na 1896 Mbaruk bin Rashid al-Mazrui aliwapiga Waingereza vita kusini mwa Pwani mpaka akalazimika kuvuka kwenda upande wa Wajerumani. Kwa hiyo asemaye kwamba watu wa Pwani hawakujua kupigana hajasoma historia. Na 1907 utumwa ulifutwa kwa sheria huku kwetu. Mashamba ya ng'ambo yakaota msitu, na majumba ya Mkomani yakaanza kuchakaa.

Katika pigo hilo ndipo ilipoonekana nani alikuwa ameridhika na nani hakuridhika. Baadhi ya wangwana walishika daraja zilizokwisha kuvunjika, wakawa wanapigana na wakati, na hakuna aliyewahi kumshinda huyo. Waliotoka utumwani nao walikuwa hatarini: wamepewa uhuru wa karatasi, hawana ardhi, hawana jina, hawana aliyewafundisha. Habib Swaleh alikuwa amekwisha kuwaandalia kitu kabla ya sheria ya Waingereza kuja. Walikuwa na msikiti wa kuingia bila kuulizwa mababu zao, na mwalimu aliyewajua kwa majina.

Hii ndiyo sura ya ridhaa yake. Mungu amewaleta watu hawa mlangoni pake, yeye hakumwuliza Mungu kwa nini hakuwaleta wengine. Aliwapokea kama walivyo, na kwa kuwapokea akabadilisha mji uliokuwa haujabadilika kwa miaka mingi. Mtaalamu wa Kimisri Abdul Hamid el-Zein, aliyekaa Lamu akachunguza mambo haya na kuyatolea kitabu 1974, aliona kwamba Riyadha ndiyo iliyowapa wanyonge wa Lamu nafasi mpya katika dini na katika mji.

NENO LA WAPINZANI

Haifai kusimulia maisha ya mtu mkubwa kwa sifa tupu. Mjini Mombasa, katika siku za uzee wa Habib Swaleh, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alikuwa anaandika. Gazeti lake la Sahifa lilianza 1930, na al-Islah 1932. Baadaye, 1937, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Sheikh al-Amin aliwakemea Waislamu kwa bidaa, kwa kutegemea baraka za watu badala ya juhudi, na kwa kuachwa nyuma na wenzao katika elimu na biashara. Kwa makaripio hayo ziko mila nyingi za maulidi na ziara zisizosalimika.

Wengi hudhani kuwa watu wa njia hizi mbili hawana wanapokutana. Kwa mambo ya ibada tofauti ziko, na wenye ilmu wataendelea kuzijadili. Lakini juu ya uvivu unaovaa kanzu ya kudura, Sheikh al-Amin alipiga kwa kalamu na Habib Swaleh alipiga kwa darasa lake. Mtu anayekwenda ziara Lamu akarudi na maji ya baraka, kisha mtoto wake hajui kusoma, hakumfuata Habib Swaleh. Amechukua makumbi ameacha nazi.

Sasa twaweza kumjibu mwenzetu wa Eldoret. Koitalel alilinda ardhi ya watu wake kwa mkuki, na hakuna dini ya haki inayomlaumu mtu kwa kulinda watu wake. Hatuna haja ya kumshusha ili tumpandishe mwingine. Tunalosema ni kwamba ridhaa ya muumini haimkatazi kusimama. Inamkataza kuunguzwa na chuki akiwa amesimama. Na yule anayetamka kudura ili asiende mahakamani kudai shamba lake, au asimpeleke bintiye shule, huyo asimsingizie Habib Swaleh wala Ghazali. Kwa kweli huyo ndiye anayepingana na kudura, kwa kuwa Mungu amemkadiria miguu naye anakataa kuitumia.

Kwa Waislamu walioko bara jambo hili lina uzito wa peke yake. Wao ni wachache katika miji yenye watu wa kila kabila na kila dini, na mara nyingine wamo wenye kukumbushana nani alitangulia na nani ni mgeni. Habib Swaleh mwenyewe alikuwa mgeni Lamu. Hakudai kuwa mwenyeji wala hakuona haya kuwa mgeni. Alifungua mlango wake, akatibu mgonjwa, akafundisha mtoto wa asiye na kitu, na watu wakaacha kumwuliza alikotoka.

Alifariki Lamu katikati ya miaka ya 1930, akiwa mtu mzima sana, akazikwa huko huko. Mwanawe, Sayyid Ahmad Badawi, alishika kazi ya Riyadha, na baada yake wajukuu. Wanafunzi wa chuo hicho wametawanyika Afrika Mashariki nzima, wakawa maimamu na maalimu katika miji ambayo Habib Swaleh hakuikanyaga. Na kila mwaka ufikapo mfungo sita, majahazi na mashua za abiria hujaa kuelekea Lamu kwa ajili ya Maulidi. Huko Langoni wageni hukaa bega kwa bega, sharifu na mchukuzi, tajiri na msafiri aliyekopa nauli. Zikisha kusomwa sifa za Mtume, huandamana kwenda kumzuru mzee wao kaburini. Asubuhi ya pili watoto wa chuo hurudi kwenye vitabu vyao, kwani hiyo ndiyo kazi aliyowaachia.